Walikuja Kunishika

Jumanne jioni, Guangzhou, Machi 2007

Tumbo linauma nikicheka, na leo sijaacha kucheka. Kidole tumbo kimetolewa asubuhi. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Lakini shangazi Mwanaisha ataniua kwa aibu. Amefunga duka lake mtaani Xiaobei, akaja hospitali na Papa Kalala, Mkongo anayetupangia mizigo kwenye kontena, eti wanishike daktari akinipasua. Zamani babu yake shangazi alikatwa mguu bila nusukaputi, yuko macho kabisa. Akafurukuta, kisu kikateleza, damu haikukoma mpaka akafa. Mpaka leo kwetu wanasema hakushikwa sawasawa.

"Shangazi, siku hizi unalazwa usingizi."

"Usingizi gani huo, mwanangu, usiosikia kisu?"

Na mimi niliogopa, nilijikaza tu. Nikilala halafu nisiamke, je...

Nesi akawazuia mlangoni. Bu xing, bu xing, haiwezekani, neno lile lile tunaloambiwa sokoni tukitaka bei ishuke. Nikavishwa kitu puani, na nilipofumbua macho kazi ilikuwa imekwisha. Sikusikia hata mchubuko.

Shangazi alikuwa kando ya kitanda, analia kwa furaha. Kalala akapandisha mkono wa shati, akanionyesha alama za kucha kutoka kiwikoni mpaka kiganjani. Shangazi alipokosa kunishika mimi, alimshika yeye, muda wote wa operesheni.

"Wewe ulilala, mon frère," akasema. "Mwenye kupasuliwa akiwa macho ni mimi."