Springi Iliyokatika Njia ya Chebunyo

Silibwet,
Bomet.
Jumapili, 18 Mei 2025.

Mpendwa ndugu yangu Isaiah,

Pokea salamu za nyumba hii kabla ya jambo lingine lolote. Uko aje huko Perth? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukitoka zamu ya mgodini? Rodah na watoto ni wazima? Mwambie Rodah zile picha za mtoto na sweta niliyomfumia zilifika. Mama aliomba kuziona tena na tena mpaka chaji ya simu yangu ikaisha.

Sisi tunaendelea. Siwezi kuandika kwamba tuko wazima kabisa, maana utajua nakudanganya. Mvua imetushika tangu Machi. Majani chai yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma, na mimi mwenyewe sijaingia shambani vizuri tangu Pasaka. Ng'ombe wako yule mwekundu amezaa ndama jike, ana alama nyeupe kwenye paji la uso.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu hatumalizi. Kila nikikupigia, Mama anakuja kukaa kando yangu, na kuna mambo siwezi kuyasema akiwa anasikiliza. Jirani yetu Momanyi anakuja huko kumtembelea binti yake, na amekubali kukubebea barua hii.

Unajua Mama anasafishwa damu kwa mashine hospitalini Bomet, mara mbili kwa wiki. Kile usichokijua vizuri ni ile safari. Tangu mwaka jana nilimsihi aje akae na mimi hapa Silibwet, ambapo barabara ni ya lami na hospitali iko karibu. Alikataa. Alisema ng'ombe wake hawawezi kukamuliwa na mtu wa kuandikwa, na kwamba Baba hawezi kuachwa peke yake pale alipozikwa. Nikachoka kubishana. Kwa hiyo nikawa nashuka mpaka kwake, tulale, alfajiri tutoke na lile gari la four-wheel uliloniachia. Hakuna gari lingine linaloweza ile njia ya kutoka nyumbani mpaka Chebunyo mvua ikinyesha, na wenye pikipiki wenyewe huwa wanateremka na kusukuma.

Tulikuwa tunambeba pia Mzee Phelix Owiti. Pengine unamkumbuka. Ni yule aliyefanya kazi kwenye boila ya kiwanda cha majani chai kule Kericho, akastaafu, akanunua ploti karibu na kwetu na kuweka mashine ya kusaga mahindi. Mkewe alifariki, na watoto wote wako mbali. Figo zake zilianza kuharibika karibu wakati mmoja na za Mama. Yeye alikuwa anakaa nyuma na blanketi yake, na njia nzima walikuwa wanabishana, Mama akichanganya Kiswahili na Kipsigis, kama samaki ni chakula cha mtu mzima au la.

Gari lenyewe lilikuwa linakufa polepole. Mwezi wa pili paipu ya radiata ilipasuka, nikaifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu na tukafika tukiongeza maji ya mtoni kila mlima. Baadaye jiwe likatoboa tangi la mafuta, nikalainisha kipande cha sabuni ya kufulia kwa vidole na kuziba. Wakati mwingine waya wa pedali ya mafuta ulikatika, nikafunga kamba kwenye injini, nikaipitisha dirishani, na Mama ndiye aliyekuwa akivuta nikimwambia vuta, achia. Alivuta kwa nguvu kuliko nilivyomwambia. Watu wa Chebunyo walicheka siku hiyo, na mimi nilicheka nao kwa sababu sikuwa na nguvu ya kufanya kitu kingine. Lakini ndani nilikuwa kama mtu anayeziba paa huku mvua inanyesha.

Sasa nikueleze kilichotokea mwisho wa mwezi wa nne, kile ambacho kwa simu nilikuambia tu kwamba springi ya gari ilikatika.

Wiki hiyo Jumatatu hatukwenda, maana mto ulikuwa umefunika daraja. Ilipofika Alhamisi miguu ya Mama ilikuwa imejaa maji, viatu havikuingia, akavaa ndara. Mzee Owiti naye alikuwa anapumua kwa mdomo. Maji ya mto yalikuwa yameshuka. Tulivuka salama, nikaweka gia ya chini, tukaanza kupanda ile sehemu ya mawe. Katikati ya mlima nikasikia kitu kikilia kama risasi, gari likainama upande wa kushoto nyuma na kukataa kwenda.

"Ni springi hiyo," Mzee Owiti akasema.

Nikashuka, nikaingia chini kwa tumbo. Bamba kubwa la springi lilikuwa limekatika karibu na mahali linaposhika chesisi. Gurudumu lilikuwa limerudi nyuma mpaka likagusa bodi, na paipu ya breki ilikuwa imevutwa, mafuta yake yanadondoka kwenye tope. Nilibaki nimelala pale kwa muda. Sikuwa naangalia chochote, Isaiah. Sikutaka tu kuinuka.

Nilipiga simu Chebunyo. Mwenye gari la kwanza aliuliza tuko wapi, nikamwambia, akasema hawezi kuingia huko. Wa pili hakushika. Ikapita pikipiki imebeba mitungi ya maziwa. Mzee Owiti akasema, "Mama Isaiah aende na huyo. Mimi nitangoja hapa." Mama akamwambia kwamba akikaa kwenye pikipiki ataanguka kabla ya kona ya kwanza, na kwamba hata yeye Owiti asijaribu. Yule mwenye pikipiki alikuwa mtu mzuri. Alifungua mipira yote aliyofungia mitungi isipokuwa mmoja, akanipa, akaenda polepole akishika maziwa kwa mkono.

Shamba lililopakana na njia ni la Chepyegon, yule aliyekuwa anaimba kwaya na Baba. Alisikia sauti zetu akaja na panga. Alitazama chini ya gari, akaniuliza, "Unataka mti wa ukubwa gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akakata mkaratusi mbichi kutoka kwa mpaka wake, akaniletea kipande kinene kama paja.

Jeki ilikuwa inazama kwenye tope, tukaiwekea jiwe bapa. Chepyegon akaleta mnyororo anaofungia fahali wake. Tuliuzungusha kwenye ekseli, tukauvuta mpaka mbele kwenye chesisi, yeye akisukuma gurudumu kwa mti na mimi nikikaza, mpaka gurudumu likarudi karibu na mahali pake. Kisha nikaupigilia ule mkaratusi kati ya ekseli na chesisi, ukae badala ya springi, nikaufunga kwa mipira ya yule wa pikipiki, nikizungusha na kuvuta mpaka mikono ikatoka damu. Paipu ya breki niliikunja na kuiponda kwa nyundo ili mafuta yasiishe kwa magurudumu mengine. Mzee Owiti alikuwa ameketi kwenye nyasi akinishikia nati kwenye kofia yake. Kila nikitazama nilikuwa naona midomo yake inabadilika rangi.

Nilipotoka chini ya gari nikiwa nimejaa tope mpaka kwenye nywele, Mama alinipangusa macho kwa leso yake kama tulivyokuwa tukipanguswa tukiwa wadogo.

Tulitembea mwendo wa ng'ombe. Kila shimo nilisikia mti ukilia, na mara kadhaa nilisimama kukaza mipira. Tulifika Bomet saa za mchana, zamu yetu ilikuwa imepita zamani. Muuguzi wa pale, Nyanchama, ambaye amekuwa kama dada kwangu, alitutazama tulivyo na hakuuliza tulikuwa wapi. Alizungumza na wenzake, akarudi.

"Nafasi imebaki moja," akasema. "Mwingine atakuwa wa kwanza kesho asubuhi."

Akawapima wote wawili na hakuona tofauti kubwa. Mimi nilitazama sakafu.

"Mama Isaiah aingie," Mzee Owiti akasema.

"Wewe unapumua vibaya kuliko mimi," Mama akamwambia.

"Mimi nimekaa na boila miaka yote, nimezoea kukosa hewa. Nitalala hapa hapa. Wewe una ng'ombe wa kukamua."

Alisema kwa mzaha, na Nyanchama akatabasamu. Mama akaingia. Sikupinga, Isaiah. Nilifurahi, na nilimshika mzee mkono nikamshukuru. Yeye akaniomba chai ya rangi, kidogo tu, kwa sababu hawaruhusiwi kunywa sana. Kisha nikamchukua Mama tukaja kulala hapa kwangu, maana gari halingeweza kurudi.

Asubuhi Nyanchama alinipigia. Alfajiri walimkuta Mzee Owiti ameketi kwenye ukingo wa kitanda hawezi kulala chali, mapafu yamejaa maji. Walimwekea oksijeni na kumkimbiza kwenye mashine. Hakuweza kuongea siku hiyo wala iliyofuata.

Mama alikuwa anakunywa uji nikimweleza. Akaweka kikombe chini. Nilidhani atalia, lakini akatazama majani chai nje, akasema kwa Kipsigis, "Nimekula zamu ya mtu kwa sababu ya ng'ombe."

Nikajaribu kumwambia ni springi, ni mto, ni mvua. Akaninyamazisha kwa mkono. "Kama ningekuwa nakaa hapa," akasema, "wewe usingekuwa chini ya gari, na yeye angepata nafasi yake."

Tulirudi Chebunyo kuchukua nguo zake, kwa trekta ya mtu. Ng'ombe amemwachia binamu yetu Kipkurui, baada ya kumwonyesha kila chuchu na tabia yake. Alikwenda pale kwa Baba peke yake. Sikumfuata na sikumuuliza alisema nini. Alipotoka alikuwa na sharti moja, kwamba Mzee Owiti akiruhusiwa kutoka aletwe pia hapa Silibwet, kwenye ile nyumba ndogo walikokuwa wakilala wachumaji.

Na ndivyo ilivyo sasa. Alilazwa karibu wiki mbili, akatoka amekonda, sauti imebaki ndogo. Watoto wake walikuja, tukaongea, wakakubali. Kuna watu wa hapa wanaosema maneno, eti kwa nini nimeweka mzee wa watu kwenye boma langu. Nimewaacha waseme. Mama humpelekea uji asubuhi. Baridi ya hapa inamtesa Mama, na analalamika maziwa ya kununua hayana ladha, lakini hajasema hata mara moja kwamba anataka kurudi.

Uliuliza kama utume springi kutoka huko. Usitume. Gari limeegeshwa kwa fundi hapa Bomet, na kwa sasa likae huko. Momanyi ameniachia pikapu yake, na kwa lami inatosha.

Lakini uchovu haukubaki kule mlimani, ndugu yangu, umenifuata. Alhamisi iliyopita niliwafikisha hospitalini, nikarudi kwenye pikapu nipumzike kidogo. Nilipofungua macho jua lilikuwa limeshaelekea magharibi. Nilitazama nje nikawaona wote wawili wameketi kwenye benchi mbele ya gari, wamemaliza zamani, Mama amejifunika shali, Mzee Owiti amejiegemeza kwa fimbo. Nikauliza kwa nini hawakugonga kioo.

"Ulikuwa umelala," Mama akasema.

Mzee Owiti akasogea kumpa nafasi ya kuinuka, na tukaenda nyumbani.

Nakuomba uje, Isaiah. Najua kazi yako haina likizo ya kuomba ovyo, na sikulaumu. Njoo mwezi wa nane, mvua ikiwa imepungua, ukae nasi hata kwa muda mfupi. Uwapeleke wewe, uwangoje wewe. Nataka niamke siku moja niende tu shambani kuchuma chai yangu, nikitaka nirudi kulala.

Msalimie Rodah na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Kipkurui anakusalimu na anasema ndama umpe jina. Chepyegon anakusalimu pia. Nilimrudishia mnyororo wake. Mama anasema ule vizuri, na Mzee Owiti anasema huko mliko samaki ni wengi, uache ujinga wa nyumbani uwale.

Mungu akutunze kazini huko chini ya ardhi, na akutoe salama kila zamu.

Dada yako akupendaye kila siku,
Chepngetich