Kitufe Kilichoandikwa Safisha

Kismayu, Jumapili 5 Oktoba 2025

Mwanangu Abdulmalik,

Asalaam aleikum. Vipi kifua? Bado baridi ya huko yakubana? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mguu wangu wauma nikipanda ngazi tu, na ngazi huku hatuna nyingi.

Nakuandikia marefu hivi kwa simu kwa sababu nina wasiwasi. Ile barua pepe ya mahakama ilifika. Binamu yako Fuadi, kabla hajarudi kazini Burgao, alinifungulia ukurasa wao ndani ya Orlo, hii programu ya kufungulia mtandao, akautilia nyota. Akanambia, "Shangazi, siku ya kesi bonyeza nyota hii ya chini, mkono wa kushoto, utamwona hakimu na Abdulmalik." Mahakama imeandika kwamba njia hiyo ni yangu peke yangu, nisimtumie mtu mwingine. Sijamtumia yeyote, hata wewe. Kila alfajiri nikishasali nabonyeza nyota, naona jina lako na tarehe, Jumatano 22 Oktoba, saa tano kwa saa zetu. Moyo watulia, nafunga.

Leo nimefungua, nyota haipo! Orlo yote imegeuzwa sura. Vilivyokuwa juu viko chini, rangi si zile, na katikati pameandikwa "Karibu kwenye mwonekano mpya". Nani aliomba mwonekano mpya? Hasina jirani, anayeuza madera kwa simu, asema ni kama mtu amekuja kukuhamishia jiko bila kukwambia. Nimekwenda kibandani kwa Shihab fundi simu, nimekuta watu wamejaa, wote neno moja: turudishie ya zamani. Dereva mmoja wa bajaji akasema, "Mimi sisomi, mimi nilizoea kwa kidole." Shihab awajibu, "Hairudi nyuma, ndugu zangu."

Nambie nyota imekwenda wapi. Mimi sijagusa kitu.

Mama yako,
Mwanamwema


Jumatatu 6 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Kifua ni afadhali, usijali. Mguu ukande kwa mafuta ya simsim.

Nimecheka peke yangu chumbani nilipofika pale pa Hasina na jiko. Mama, nina jambo sikukwambia. Hapa kituoni sisi waomba hifadhi haturuhusiwi kufanya kazi, na mtu akikaa bure hupotewa na akili. Orlo hutafsiriwa na watu wa kujitolea, nami tangu Machi ni mmoja wao. Maneno ya Kiswahili unayoyaona kwenye sura mpya, mengi ni yangu. "Karibu kwenye mwonekano mpya" ni mimi niliyeandika!

Malalamiko nayasoma kila siku, yamepita elfu nne. Mama mmoja wa Tanga ameandika kwamba amelia. Lakini waliotengeneza wanasema ndivyo ilivyo kila mwaka, watu hukasirika wiki mbili kisha huzoea. Nawe utazoea. Nyota sasa imo ndani: bonyeza vistari vitatu vya chini, mkono wa kulia, halafu "Alamisho". Utaiona mahakama yako.

Kubwa ni hiyo siku yenyewe ya rufaa yangu ya ukimbizi. Yule mchunguzi wao wa lugha aliandika kwamba Kiswahili changu ni cha Mombasa, kwamba mimi si Mbajuni wala sijawahi kuishi kisiwani Ngumi. Wakili wangu asema wewe ndiye shahidi pekee niliye naye. Tafadhali siku hiyo uongee Kiswahili safi, polepole, mkalimani akuelewe.

Mwanao,
Abdulmalik


Kismayu, Jumatatu 13 Oktoba

Abdulmalik mwanangu,

Salamu nyingi. Usinilaumu kwa kukaa kimya wiki nzima. Siku ile ile uliyoniandikia nililetewa habari kwamba khalati yako Bimkubwa, dada yangu, kashikwa na homa, nikavuka kwenda Ngumi kumwuguza. Unajua kule simu hushika pale msikitini tu, tena kwa kubahatisha. Sasa ameinuka, anakula.

Nimerudi leo. Nikafungua Orlo, nikabonyeza vile vistari vitatu kama ulivyosema. Kikatokea kitu kirefu chenye maneno mengi. Neno la juu kabisa, lenye rangi ya buluu nzuri, lilikuwa "Safisha". Nikasema, alhamdulillahi, kioo changu kimejaa takataka, nikisafisha nitaona vizuri. Nikabonyeza. Ikaniuliza, "Safisha vyote?" Nikasema ndio. Mtu akiulizwa kama asafishe, atasema hapana?

Abdulmalik, vyote vimekwenda. Nyota hazipo hata moja. Barua pepe yanitaka neno la siri, na neno la siri aliliweka Fuadi, silijui. Nimempigia Fuadi, simu haipatikani. Zimebaki siku tisa.

Nifanye nini?

Mama yako


Jumatatu 13 Oktoba, jioni

Mama,

Salamu zangu zichukue tu, nimeandika haraka.

Kwanza usibonyeze tena kitu chochote. Pili, umtume mtu Burgao amtafute Fuadi, amwulize neno la siri. Mimi nimeshampigia wakili. Kesho ataiandikia mahakama ombi la njia mpya, ila amenionya kwamba ofisi ile haina haraka na mtu, na ukikosekana shahidi kesi huendelea bila shahidi.

Tatu. Naona haya kuliandika, lakini nisipoliandika nitalala nalo. Neno "Safisha" ni langu. Kwenye lugha yao lilikuwa neno la kufuta, la kuondoa kabisa. Nikaona "Futa" ni kali, litawatisha watu. Nikasema niweke neno lenye upole. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama watu wataelewa, nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi ni mtu wa pwani, lugha ni yangu.

Nisamehe, Mama.

Mwanao


Alhamisi 16 Oktoba

Mama, salaam aleikum.

Siku ya tatu leo sijapata neno lako. Naona alama kwamba umesoma. Umepata habari za Fuadi? U mzima? Ukinikasirikia sawa, niandikie hivyo hivyo.

Abdulmalik


Kismayu, Ijumaa 17 Oktoba

Abdulmalik,

Waaleikum salaam. Mimi mzima wa mwili.

Fuadi kapatikana. Asema aliliandika neno la siri kwenye karatasi ya sigara, na karatasi haijui ilipo. Amelia kwenye simu mpaka nikaanza kumbembeleza mimi.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike nini. Nilikaa nikawaza: mimi ndiye niliyekufundisha kusema. Maji, moto, kisu. Kila neno lilitoka kinywani mwangu likaingia kwako. Kisha mwanangu akaenda mbali, akachukua kisu, akakiandika jina la kitambaa, nami nikajifutia. Hayo ndiyo yaliyoniuma, sikufichi.

Lakini jana Hasina alikuja akanisomea yale malalamiko mnayoandikiwa. Nikawaona wachu wengi, kama tusemavyo kikwetu, wamefanya nililofanya. Kuna aliyepoteza picha ya marehemu mkewe, aliyokuwa kaiwekea nyota. Basi hasira zangu zikageuka. Wewe una mama wa kukusamehe. Yule bwana amwambie nani?

Libadilishe hilo neno. Leo, si kesho. Kisha unambie wakili kasema nini, maana silali.

Mama yako


Jumatatu 20 Oktoba

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Nashukuru umeniandikia. Nimeusoma ujumbe wako mara nyingi.

Neno nimelibadilisha. Sasa ni "Futa kila kitu", kwa rangi nyekundu. Wenzangu walitaka tulijadili kwanza. Niliwaeleza habari zako na za yule bwana, hakuna aliyebisha tena. Yeye mwenyewe nimemwandikia. Hajanijibu.

Sasa sikiliza. Mahakama imekubali. Shihab akufungulie barua pepe mpya, neno la siri uliweke wewe, uliandike kwenye daftari lako la dua. Uitume anwani kwa wakili leo hii, njia mpya itakuja kesho au keshokutwa asubuhi. Siku ya kesi bado hiyo hiyo. Isipofika kabla ya saa tano, nafasi itakuwa imepita.

Mimi nimeshindwa kula tangu juzi. Niombee.

Mwanao,
Abdulmalik


Kismayu, Jumatano 22 Oktoba

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nataka nikweleze yote nikiwa bado nakumbuka, kwa maana nadhani nimekuharibia.

Njia ilifika saa tano kasorobo. Tangu alfajiri nimevaa buibui jipya, nimekaa kibandani kwa Shihab, Hasina kando yangu. Shihab kafunga mlango, watu wamekaa nje kwenye jua wananisubiri. Nikabonyeza, ikazunguka, ikazunguka, mpaka saa tano na dakika ishirini. Ndipo nikaona chumba, na yule mama hakimu mwenye miwani, na wewe. Umekonda, Abdulmalik. Mbona hukunambia?

Mkalimani akaniuliza jina langu, nikajibu. Akaniuliza visiwa vyetu kwa mpango wake kutoka kaskazini, nikamtajia, Kiswahili safi kama ulivyotaka, kama ninasoma kitabu. Kila nikijibu, yule mwanamume wa pembeni aandika. Nikaona uso wake hauridhiki. Kisha ikawa kimya. Midomo yao yacheza, sauti siisikii. Nikatazama chini, alama ya kipaza sauti imekuwa nyekundu. Zamani nyekundu ilikuwa imefungwa. Nikasema basi, imefungwa, nami hawanisikii.

Hapo nikavunjika. Nikamgeukia Hasina nikamwambia yote kwa kikwetu, kama tunavyosema uani. Nikamwambia, wachu hawa wananiuliza visiwa kama ninayetahiniwa darasani, mbona hawaniulizi siku aliyozaliwa mwanangu? Nikamwambia ulivyozaliwa Ngumi mwaka wa pili tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Mombasa, na Bimkubwa ndiye aliyekupokea, na kitovu chako kimezikwa ukutani kwa upande wa kibla. Nikasema Kiswahili cha Mombasa alikipata kwangu mimi, mamake, niliyekaa kule kambini miaka sita nikajifunza na kusoma, ni kosa gani hilo? Nikamwambia ulivyokatwa na gamba la chaza gotini, ukanificha siku mbili mpaka likaoza, babako marehemu akakubeba mgongoni. Hasina naye analia, ananijibu. Tumekaa hivyo hata sijui dakika ngapi. Mara sauti ikarudi, nikasikia mkalimani anasema, "Mama, asante, inatosha." Wakafunga.

Inatosha. Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia. Sikumaliza hata maswali yao. Nisamehe.

Mama yako


Alhamisi 23 Oktoba

Mama,

Salaam aleikum warahmatullah. Tulia kwanza, usilie.

Kwenye sura mpya nyekundu ni wazi, si imefungwa. Hilo nalo watu wamelilalamikia sana. Mama, tulikusikia. Kila neno. Sauti iliyokatika ilikuwa yetu kuja kwako, yako kuja kwetu haikukatika hata kidogo.

Mkalimani aliinua mkono akutafsiri, akakwama mara tatu, akamwambia hakimu, "Hiki si Kiswahili ninachokijua vizuri." Yule bwana wa pembeni ndiye mtaalamu mpya wa lugha. Aliweka kalamu chini. Akamwomba hakimu asikukatize. Ulipofika kwenye chaza, yule mtaalamu alimfasiria hakimu, naye akanitazama goti, na wakili akaninong'oneza nipandishe suruali kovu lionekane. Nikapandisha mbele ya watu wote.

Sijui wameamuaje. Wamesema tusubiri wiki tano au sita. Sitaki kutumaini sana. Lakini tangu niondoke sijawahi kukusikia ukisema hivyo, kwa ufasaha hivyo, na nilikuwa nikitafuta chumba cha kulilia.

Mwanao


Kismayu, Jumapili 9 Novemba

Mwanangu, salamu. Hatujambo. Nimeona Ijumaa kuna alama ya barua kwenye Orlo, moyo ukaruka, kumbe ni tangazo lao. Una habari?

Mama


Jumapili 9 Novemba

Bado, Mama. Kila gari la posta likisimama nateremka. Nawe usifungue kila saa, utajiua.

Mwanao


Jumanne 2 Desemba

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai umekaa. Kama umesimama, ukae.

Barua imekuja. Nimekubaliwa. Wameandika, nakutafsiria neno kwa neno: "Mahakama imeridhika kwamba mwombaji ni Mbajuni, mzaliwa wa kisiwa cha Ngumi." Nitapewa karatasi za kukaa, nitafanya kazi, nitatoka kituoni. Nilikimbia nje bila viatu, Mama, kwenye theluji.

Baadaye wakili akanisomea ukurasa wa pili. Nitapewa hati ya kusafiria. Ndani yake itapigwa muhuri: nchi zote, isipokuwa Somalia. Nikikanyaga Kismayu, nikikanyaga Ngumi, watasema sikuwa na hofu ya kurudi, watanivua kila kitu. Kwa kuwa sasa wamesadiki kwamba ni kwetu, siwezi tena kuja kwetu.

Nimekaa na barua hii siku nzima kabla ya kukuandikia. Kila mtu hapa ananipongeza.

Mwanao,
Abdulmalik


Kismayu, Jumatano 3 Desemba

Abdulmalik wangu,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nimesujudu pale pale kibandani kwa Shihab, na Hasina kapiga vigelegele mpaka wateja wakakimbia.

Nimemwambia Hasina anisomee habari za ule ukurasa wa pili mara mbili. Kisha nimelia, sitakuficha. Halafu nikamwuliza Shihab, "Mombasa ni nchi gani?" Akanitazama kama nimepotewa na akili. Akasema, "Kenya, mama."

Basi. Bimkubwa atanisindikiza hadi Mombasa. Tutafikia kwa wenyeji tuliojuana nao enzi za kambi, nyumba naikumbuka. Wewe pata hati yako, uniambie mwezi gani, nami nitakuwa nimetangulia. Na ule chakula kabla ya kuja, sitaki kukuona umekonda vile.

Mama yako,
Mwanamwema