Minara Miwili Dirishani

Wetzlar,
9 Novemba 2015.

Mpendwa Shangazi Irmgard,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje na joto la Adelaide? Mimi na mke wangu Dörte ni wazima. Baba mwili bado una nguvu. Macho ndiyo yamemwacha. Pembeni anaona, katikati pamekufa. Daktari anasema hakuna dawa.

Sasa kamera yako, ile Leica M3 aliyokupa Baba ulipopanda meli kwenda huko. Uliituma aitengeneze kama zamani, hukujua hali yake. Nilitaka kuipeleka kiwandani kwa Leica, Baba akafoka: "Thubutu! Kwa hao wanaouza kamera mpya waliyoikwangua rangi makusudi ionekane kongwe?"

Kwa hilo tuko pamoja. Leica ya kwanza kuuzwa, ya 1925, iliingia mfukoni ikaenda na watu popote. M3 ya 1954 iliundwa ifanye kazi hadi mjukuu aichoke. Hata M5, ile nene iliyosusiwa na wanunuzi, angalau ilitaka kutumika! Leo matajiri wanazifungia kabatini, na isiyowahi kupiga picha hata moja ndiyo ghali zaidi. Upuuzi mtupu.

Basi akaifungua mwenyewe kwa kupapasa, akaisafisha. Shida ni kurekebisha kipimo cha umbali, ambacho kikikosea picha hutoka na ukungu. Unachungulia kitu cha mbali, na kwake siku zote ni mnara wa kanisa kuu, kinaonekana mara mbili katikati ya kidirisha cha kamera, nawe unakaza parafujo mpaka minara hiyo miwili iwe mmoja. Katikati, Shangazi! Pale pale asipoona.

Jumapili alishinda dirishani, keki ya tufaha ikikauka mezani.

"Baba, huo mnara hauhami," Dörte akamtania.

"Subiri tu, mkwe, leo nitauhamisha."

Kisha akanipa kamera. "Hartmut, imekutana?"

Nikachungulia. Ilikuwa miwili, imepeana mgongo kama watalaka. Nimegombana na wahariri na mameya kwa uongo mdogo kuliko huu. Nikasema, "Imekutana, Baba."

Akafunga kifuniko, akaitia kwenye boksi kwa mikono yake. "Na hii ndiyo ya mwisho," akasema.

Imo njiani. Picha zako zitatoka na ukungu. Tafadhali mwandikie kwamba zimetoka safi kuliko zote. Barua zako namsomea mimi. Hata usipoandika hivyo, ndivyo nitakavyosoma.

Wasalimie binamu yangu Monika na watoto wake. Mungu akutunzie macho.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Hartmut