Tundu nyuma ya sikio la Maman Nsimire

Bukavu, Jumanne

Nililiona hilo tundu. Siwezi kujidanganya kwamba sikuliona.

Maman Nsimire, muuza maharagwe wa Walungu, alikaa na kipande cha bombe nyuma ya sikio tangu mwezi uliopita. Kwenye picha ya kichwa kulikuwa tundu ndani ya mufupa, karibu na chuma. Nikasema chuma ndiyo ilitoboa. Kumbe ni njia ya mushipa wa damu aliozaliwa nao, unaoingia mpaka ndani ya fuvu. Kwa watu wengi mushipa huo iko mwembamba kama uzi. Kwake ulikuwa munene kama kalamu. Tulifundishwa hayo, profesa akishika fuvu mukononi, na mimi...

Charlotte, infirmière anayenisaidia kupasua wagonjwa, aliniuliza kabla nikate: "Docteur, na tukiiacha hiyo chuma?"

Kichwa kilimuuma tu, hakuwa na homa. Tungeweza kungoja barabara iliyofungwa na vita ifunguke, wamupige skana kwingine. Nikajibu: "Ni dakika kumi tu."

Nilipovuta chuma, damu ikajaa. Nikakandamiza, nikaziba na kipande cha nyama ya shingo. Tulimuongezea chupa mbili za damu, na hatukuwa na ingine. Alikufa saa sita mchana.

Bwana yake alikuwa amesimama mulangoni, ameshika nguo za bibi yake. "Docteur, asubuhi tuliongea naye."

Nikamuambia: "Papa, ni vita ndiyo imemuua."

Akanishika mikono yote mbili, akanishukuru.