Dakika Kumi na Saba za Raya

Alhamisi, 21 Machi

Maji yameishia mstari wa nne. Kasema dada yangu Raya, saa tatu kasorobo, tope magotini. Mistari ya mawaridi ni saba. Machi yote imekuwa hivyo, anasema – minne, mara moja mitano.

Mvua ya mwisho: Novemba, siku mbili. Mlima mzima umekauka, hilo halihitaji shahidi. Vitunguu saumu vya majirani vimeachwa vife, ndiyo desturi ya mwaka mbaya – miti hunywa kwanza. Lakini mchana nimepita chini kwa jirani yetu Muhanna. Makomamanga yake yamelowa mpaka maji yanavuka njia! Mfereji mmoja, siku moja, kila mtu zamu yake ya nusu saa kwa wiki. Sijaelewa.

Matumba ya waridi hayajazidi dengu. Mengine yanadondoka ukiyagusa. Dada yangu hana kazi nyingine ila kuchemsha maji ya waridi. Amesema wazi: mwaka huu asipovuna, Muhanna achukue shamba. Kesha­muuliza mara mbili. Muhanna anataka kujenga hapo vyumba vya wageni.

– Usininunie, kaka. Sitakuwa wa kwanza kuuza.

Jumamosi, 23 Machi

Nimefuata mfereji kutoka chemchemi hadi kwetu. Hatua mia sita na arobaini. Milango yote ya maji imezibwa vizuri, jiwe bapa na matambara. Mitatu inavuja, matone tu. Hakuna anayechepusha njiani.

Nikaenda kwa Nabhani, msimamizi wa mfereji, mwaka wa thelathini huu. Tende, kahawa, habari za mgongo wake. Kisha nikamwambia zamu ya Raya inakatwa.

– Na nani?

– Ndiyo nakuuliza wewe, baba.

– Mimi nasoma kivuli, mwanangu. Kivuli hakina shangazi wala binamu.

Mbona kataja binamu? Sikuwa nimetaja mtu. Muhanna ni binamu yake.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimepima kwa saa ya mkono.

Kwenye uwanja wa kijiji pana nguzo ya mti, na chini yake mawe kumi na saba kwa mstari. Ncha ya kivuli ikitoka jiwe moja kufika la pili, zamu moja imekwisha. Raya ana nafasi ya kwanza asubuhi. Muhanna ana ya adhuhuri.

Raya: saa mbili na dakika tatu hadi saa mbili na dakika ishirini. Dakika kumi na saba!

Muhanna: dakika hamsini na moja. Nililinganisha na simu. Hamsini na moja.

Nilisimama ubavuni mwa Nabhani muda wote. Alipoita "Funga!" kivuli kilikuwa kimegusa jiwe kweli. Hakudanganya, wala hakuchelewa. Ila huinama sana – uso unakaribia kugusa jiwe. Alipasuliwa macho Januari, Maskati, akakaa huko wiki tano.

Nimemweleza Raya.

– Kwa hiyo wananiibia.

– Yuko anayezidishiwa. Wizi sijauthibitisha.

– Hayo maneno yako ya gazetini! Mimi nina mawaridi yanakufa.

Mstari wa saba leo tumeung'oa. Mashina tisa.

Ijumaa, 29 Machi

Nimerudi uwanjani na futi ya utepe. Kati ya jiwe na jiwe: sentimita arobaini na tatu. La pili hadi la tatu: arobaini na tatu. Nafasi zote kumi na sita, sawasawa, kama vigae vya bafuni.

Nikamwita Nabhani, nikamwomba ayapite mawe kwa miguu, kwa mazoea, bila kutazama chini. Akavua viatu, akaanza. Hatua ya kwanza mguu ukapita jiwe, ukatua mchangani. Ya pili vivyo hivyo. Akasimama.

– Haya si mawe yangu.

– Una hakika?

– Asubuhi mimi hutanua miguu kama mtu anayeruka mtaro. Adhuhuri nabananisha vidole. Kivuli asubuhi kina haraka, mchana kinalala. Marehemu baba alinifundisha kwa kunikanyaga!

Akakaa chini palepale. Anasema aliporudi Februari aliyakuta safi, yamepangwa, akashukuru. Wiki nane anaita "Funga" kwa mawe ya uongo.

Yalibadilishwa wakati uwanja ukitiwa sakafu kwa ajili ya wageni wa msimu wa waridi. Aliyesimamia kazi: Muhanna.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemfuata Muhanna shambani. Hakukwepa. Akanikatia ndimu tamu.

– Hilali! Gazeti limekufukuza, umekuja kutuchunguza sisi?

– Mawe uliyapanga wewe?

– Mimi. Yalikaa ovyo kama meno ya ngamia mzee. Watu wanakuja kupiga picha, bwana! Nikayanyoosha. Kosa liko wapi?

Nikamwonyesha dakika. Akasoma karatasi mara mbili, akapiga paji la uso. Astaghfirullahi, hakujua. Yarudishwe tu, hata yeye atabeba jiwe. Akaapa kwa mama yake.

Karibu nimwamini. Kisha nikiwa njiani nikakumbuka kazi aliyostaafia: mpima ardhi. Miaka ishirini na miwili ya kusoma jua na pembe. Mtu huyo hajui kivuli kinavyokwenda?

Labda hakuwaza. Watu wengi hawawazi linalowanufaisha. Nimeandika yote mawili.

Raya hana mashaka hata kidogo.

– Anajua. Angekuwa ameongezewa ukame, angekuja kulia siku ya pili.

Jumatano, 3 Aprili

Wenye zamu wamekutana msikitini baada ya alasiri. Wamekubaliana: mawe yarudishwe, Nabhani aongoze kwa miguu yake, mimi nishike saa. Lini? Muhanna akasema Ijumaa baada ya sala, watu wote wawepo, isije ikasemwa yamefanywa kwa siri. Wakaitikia. Neno zuri, hakuna wa kulipinga.

Zamu ya Raya ni Alhamisi. Kesho. Ya Muhanna pia.

Nikauliza: na kesho je? Nabhani akainamisha kichwa. Mpaka yaondolewe, mawe ndiyo mawe. Akiita kwa kubahatisha, kila mtu atataka lake.

Matumba ya mstari wa kwanza yameanza kuonyesha rangi. Raya anasema yakinywa kesho yatafunguka. Yakikosa, wiki ijayo atamwagilia kuni.

Alinisikiliza hadi mwisho akisaga hiliki. Hakupaza sauti.

– Akiita "Funga", sifungi. Nitakaa juu ya mlango wa maji mpaka nusu saa itimie. Waje waniinue.

– Anayekufuata ni Shamsa. Naye ana mawaridi, naye anapunjwa.

– Najua.

– Utakula dakika kumi na tatu zake.

Akaacha kusaga.

– Wewe uje na saa yako, kaka. Saa mbili kamili.

Nimesema nitakuja. Sikusema nitasimama upande gani. Kivuli kinagusa jiwe la kwanza saa mbili na dakika tatu.