Daktari wa Hema na Nywele za Mtoto

Athi River,
Jumatano jioni.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani Muthetheni. Mama ameanza kupata nguvu? Mtoto ananyonya vizuri? Mimi ni mzima, ila bega linaniuma kwa sababu kiwandani wamenitoa kwenye vifungo wakaniweka kwenye mifuko ya jinzi, na kitambaa chenyewe ni kigumu kama ngozi ya ng'ombe. Mama mdogo, ninayeishi kwake, amepika githeri, nami nimekaa mlangoni kuandika kabla mwanga haujaisha.

Baba, wajua mimi si mtu wa maneno. Hata shuleni mwalimu akiniuliza swali, nilitazama viatu. Lakini Jumamosi ukoo unakutana hapo kwetu kuamua kama Mama arudishwe kwao Mbooni, na kama mtoto apewe jina la Babu au anyimwe. Yeye ndiye mwanao wa kwanza wa kiume. Siku ya tatu angekuwa ameshaitwa Musyoka, na siku ya nne ungemvisha ithaa, ule mkufu, ili kila mtu ajue ni mtu wa watu. Wiki zinapita, na nasikia Baba Mkubwa humwita "hicho". Kwa hiyo leo nitasema.

Jumapili Baba Mkubwa alikuja huku. Nilifurahi nikidhani ameniletea kunde. Kumbe alikuwa na nywele za mtoto, amezifunga ndani ya karatasi ya sukari. Sijui alizikata saa ngapi Mama asimwone. Akanipeleka nyuma ya soko, kwenye hema lenye kipaza sauti, ambapo mtu mmoja mwenye koti jeupe lililoshonwa vibaya (mimi najua mshono) anajiita daktari wa jeni. Alikuwa akipiga kelele: "Wazungu wamemaliza kusoma jeni za binadamu zote! Walisema redioni! Sasa mimi nafuta makosa!" Mbele yake chupa za soda zimejaa maji ya rangi ya waridi.

Alizishika zile nywele, akazitazama kwa kioo cha kukuza, kile watoto wanachochomea majani juani. Akatikisa kichwa kama aliyefiwa.

"Mzee, pole. Jeni za baba hazimo humu kabisa."

"Nilisema!" Baba Mkubwa akapiga paja. "Si nilisema? Zeruzeru hatoki katika ukoo wa Musyoka. Huyo mwanamke alikutana na Mzungu."

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Daktari, jeni za baba umezisoma wapi, na baba hajawahi kufika hapa?"

Watu wakageuka. Yule mtu akacheka mpaka kipaza sauti kikalia. "Haya, tumepata profesa! Wasichana wa viwanda vya EPZ siku hizi wanashona suruali na kupima damu! Mrembo, rudi kwa cherehani yako."

"Mwikali, nyamaza," Baba Mkubwa akaniambia. "Umeanza lini kujibu wanaume?"

Wakacheka wote. Nilirudi nikalia chooni. Baba Mkubwa akanunua chupa moja ya kumpaka mtoto ili awe mweusi, na hukumu ya yule mtu akaibeba bure. Hiyo ndiyo atakayowasomea Jumamosi.

Basi sikiliza nilichojifunza Kidato cha Nne. Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya kila sehemu ya mwili, yameandikwa kwa herufi nne tu, yanauambia mwili ujijenge vipi. Ni kweli wataalamu wameyasoma, lakini walitumia mashine na miaka mingi, si kioo cha kuchomea majani. Na kusoma si kutibu. Kuna madaktari wanaojaribu kuingiza jeni nzima mwilini wakitumia virusi vilivyoondolewa ubaya wake viibebe, na wao wenyewe wanasema bado wanatafuta njia. Yule wa hema anaiweka kwenye chupa ya soda! Usiruhusu maji yale yaguse ngozi ya mtoto. Anachohitaji ni kofia, mikono mirefu, kivuli, na daktari wa kweli wa macho.

Kila mtu hupata nakala mbili za agizo la rangi, moja kwa baba, moja kwa mama. Moja ikiwa na kasoro, ile nzima inatosha, na mtu anakuwa mweusi kama wewe na Mama asijue amebeba nini. Mtoto akipata mbovu kutoka pande zote mbili, anakosa rangi. Mtoto wa Mzungu angekuwa chotara, hata watoto wa nasari wanajua. Na Baba Mkubwa, mfugaji hodari, mbuzi wake wawili weupe walipozaa mwana mweusi ti, alifanya nini? Alicheka akasema mwanambuzi amerithi damu ya nyanya yake. Hakumfukuza mbuzi. Akili aliyonayo kwa mbuzi anamnyima Mama.

Mimi sijasoma jeni zako, sina macho ya yule wa hema. Ila nimeishi na Mama. Na wewe umeishi naye miaka mingi kuliko mimi. Kinachoniuma si Baba Mkubwa, huyo nimeshamdharau, Mungu anisamehe. Kinachoniuma ni kwamba nasikia wewe umekaa kimya.

Nisalimie Nyanya, mwambie dawa ya magoti nitamletea. Nisalimie mdogo wangu Mwende, asiache kitabu. Nisalimie jirani yetu aliyemzalisha Mama. Baba Mkubwa sina salamu zake.

Barua hii naiweka mikononi mwa fundi wa baiskeli anayerudi huko kesho. Nimeomba ruhusa kiwandani, wamekataa, lakini Jumamosi nitakuja. Nikifika nitauliza mtoto anaitwa nani. Sitamuuliza Mama, wala wazee. Nitakuuliza wewe, mbele yao wote.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,
Mwikali