Bangili za Wifi Kwenye Dawa ya Bati

Shoga, nimekasirika!

Unazikumbuka zile bodi sita za redio nilizochora mwenyewe? Leo nimezitia kwenye dawa ya bati, ile inayoipaka shaba utando wa bati, ili njia zake za shaba zisiingie kutu. Zimetoka na mabaka kama zina ukurutu. Mabaka, shoga! Na mteja anakuja saa kumi.

Kumbe jana wifi yangu alitumbukiza bangili zake za shaba kwenye beseni langu la dawa. Zote kumi na mbili! Dawa ikaisha nguvu.

Namuuliza, ananijibu, "Si nilikuona unang'arisha vitu vyako, nikajua dawa ni ya wote?"

Ya wote!

Bangili zake zimetoka hazina doa hata moja. Na sasa hivi yuko mlangoni kwangu, ameshika hereni.